Mpishi Aliyeuliza Inauma Kama Nini

Siku yangu ya kwanza katika shule ile ya bweni, nje kidogo ya mji wa Kitale, nilimwona mtu akiepua sufuria ya maharagwe kwa mikono mitupu. Sisemi sufuria ya nyumbani. Nasema ile ya shule, inayolisha bweni zima, yenye masikio mawili ya chuma ambayo moto ulikuwa umeyalamba tangu alfajiri. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa amejifunga vipande vya gunia viganjani na bado alikuwa akipiga kelele. Huyu alishika sikio lake kama anayemsalimia mgeni mkono, wakaitua sufuria chini, akajifuta jasho na kuniuliza kama nilikuwa nimeshakunywa chai.

Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi mpya wa shule. Nilimkimbilia nikavigeuza viganja vyake. Vilikuwa vigumu, kovu juu ya kovu, na katikati ya kile cha kulia lengelenge jipya lilikuwa limeanza kuinuka.

"Kwani haikuchomi?" nilimuuliza.

"Mikono imezoea, Sista," akasema.

Nikamwamini. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nitalieleza lote, kwa sababu sijapona mshtuko wake na sidhani kama nitapona.

Tulimwita Mpishi, kuanzia wanafunzi mpaka mwalimu mkuu. Walikuwepo wapishi wengine watatu, nao waliitwa kwa majina yao. Ukisema "Mpishi" kila mtu alijua unayemsema: mtu mnene kidogo, mwenye kicheko cha haraka, anayetembea kwa kukanyaga sana kana kwamba anataka kuhakikisha ardhi ipo. Ukiuliza habari zake jikoni ulipewa hadithi ileile kila mara.

"Sista, wewe ni mtu wa Kamukuywa na hujasikia?" aliniambia yule mwenzake wa magunia. "Huyu alikatwa ati kama anakatwa nywele. Nzi ilikuja ikakaa hapa kwa mdomo, hakufukuza. Ngariba mwenyewe alisimama akamwangalia kama ako hai."

Kwa asiyetujua sisi Wabukusu, ni hivi. Msimu wa Agosti ukifika, mvulana husimama asubuhi uani kwao, amepakwa matope ya mtoni, watu wamemzunguka, na ngariba humkata akiwa macho. Siku hizi wengi hupelekwa hospitalini, lakini koo zetu, wangu na wa Mpishi, hazikutaka kusikia habari za ganzi. Mvulana anatakiwa atazame mbele, asitikisike, asipepese, asitoe sauti. Mama yake haangalii. Yeye hukaa ndani ya nyumba ameshika nguzo, akingoja, na mambo yakienda vizuri hutoka mlangoni kwa kigelegele na watu humpokea kwa ngoma. Dakika ile moja hukaa na mtu maisha yake yote. Aliyesimama imara atasikilizwa akiongea. Aliyelia ataoa na atazaa kama wengine, lakini kuna mahali watu watanyamaza akiingia.

Mpishi alikuwa amesimama imara kuliko mtu yeyote ambaye wazee wa kwao Chwele waliwahi kumwona. Kila msimu aliitwa kwenye maboma ya watu aonyeshwe wavulana. Hakutakiwa kufanya mengi. Alitakiwa akae tu kwenye kiti, amwambie mvulana asimame kama yeye, na baba wa mvulana aseme, "Huyu ndiye." Wavulana walimtazama mikono. Alirudi shuleni Jumatatu na nyama aliyofungiwa kwenye jani la mgomba, akatugawia, na hakusimulia lolote.

Mimi nilikuwa nimesomea uuguzi. Nilifundishwa kwamba mtu asiyeshtuka anapoungua ana tatizo la mishipa ya fahamu, na apimwe mara moja. Nililiandika jambo hilo kwenye mtihani nikapata alama. Halafu nikamwona mtu anayeungua bila kushtuka, kila siku ya wiki, mbele ya macho yangu, na nikamtazama kwa macho ya msichana wa Kamukuywa. Nilisema moyoni, huyu ni mwanamume. Nikampaka dawa ya kuungua, nikamrudisha jikoni.

Alikuwa na mambo yake, na kila moja tulilipa maelezo ya kijinga. Chai, kwa mfano. Mpishi hakunywa chai mpaka mwingine aonje kwanza. Alishika kikombe chake, akatazama midomo yako, akakuona umefuta machozi au umevuta pumzi kwa meno, ndipo akajua aanze au angoje. Watu walisema anaogopa kurogwa. Walimu walimtania, "Mpishi, sisi ndio wachawi wako?" Naye alicheka sana kuliko wao. Mimi pia nilimtania, Mungu anisamehe.

Viatu pia. Kabla hajavaa gambuti zake alizipindua, akazikung'uta, akaingiza mkono mpaka kwenye vidole akapapasa. Jioni, kazi ikiisha, alikaa kwenye ngazi ya stoo akavua tena, akatoa kioo kidogo cha mkononi na kujitazama nyayo. Wavulana walisema mzee anajipenda. Nilimwona mkewe akimfanyia hivyo siku moja nilipowatembelea nyumba za wafanyakazi: amemshika mguu mapajani mwake, anaupitia kidole kwa kidole, huku wanazungumza habari za mahindi. Halafu akachovya kiwiko chake kwenye maji ya kuoga ya mumewe, kama tunavyowafanyia watoto wachanga. Nikafikiri, kumbe jiwe hili nyumbani hudekezwa hivi! Nilikwenda kumsimulia mwenzangu tukacheka.

Na alilia. Hili ndilo lililowachanganya wavulana kuliko yote. Mtu huyu aliyepasuliwa kidole na panga la kukatia nyama akakifunga kwa kitambaa na kuendelea kukata, alilia mwanafunzi alipovunjika mkono uwanjani. Alisimama pembeni ya uwanja machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mwalimu wa michezo alimwambia, "Mzee, si ni mkono tu." Mpishi akamgeukia kwa hasira ambayo sikujua anayo. "Unajua kama ni tu? Umo ndani yake?"

Alizoea kuja kwenye zahanati yangu saa nne, chakula kikiwa motoni na wenzake wakikiangalia. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa. Nilidhani anatoroka kazi, baadaye nikadhani ni huruma, na kwa muda mrefu nilidhani ni umbea. Alimgeukia kila mvulana aliyekuwa amekaa pale na kumuuliza swali moja.

"Inauma kama nini?"

Si inauma wapi. Hilo nilikuwa nauliza mimi. Yeye alitaka kujua kama nini. Wavulana wengine walimjibu, "Inauma tu, Mpishi," naye aliudhika kidogo, kama mtu aliyepakuliwa ugali bila mboga. Lakini akitokea mmoja akasema jino linapiga kama mtu anayepasua kuni ndani ya sikio, au tumbo limesokotwa kama nguo inayokamuliwa, Mpishi alisogea karibu. Alirudia maneno hayo polepole. "Kama nguo inayokamuliwa. Aisee." Alikwenda nayo jikoni, na saa nzima baadaye ungemsikia akiyasema peke yake juu ya mvuke.

Mchungaji aliyekuja kutuhubiria Jumapili alimpenda sana kwa mifano. Siku moja alisema maumivu ni shule ya Mungu, kwamba Bwana humchapa ampendaye, na akanyoosha mkono nyuma ya ukumbi. "Mtazameni Mpishi wenu. Amechomwa, amekatwa, na hanung'uniki." Wavulana wote wakageuka. Mpishi alitoka nje. Nilimkuta amekaa kwenye gunia la maharagwe, akichambua mawe ambayo hayakuwepo.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Mchungaji ni mtu mzuri. Lakini hiyo maneno ya shule mimi sijui," akasema. "Mimi najua kitu moja. Mtu akisema inauma, aaminiwe. Asiulizwe anasoma nini hapo."

Mara moja tu alikuja zahanatini kama mgonjwa, kwa miguu yake na kwa hiari yake. Mkewe alikuwa ameugua wiki mbili akafariki, na tulikuwa tumerudi kutoka mazishini Chwele siku tatu zilizopita. Aliingia bila kubisha. Alikuwa ameshika kifua kwa viganja vyote viwili, na uso wake ulikuwa na kitu nilichokichukulia kuwa hofu. Leo ninapoukumbuka naona haukuwa hofu peke yake. Ulikuwa na mshangao, na karibu niseme furaha, neno ambalo linanitetemesha kuliandika.

"Sista, kuna kitu hapa," akasema. "Imekaza. Inataka kutoka na haina njia. Ilianza wakati wanafukia." Akanitazama machoni. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo nini?"

"Ile watu husema. Ndiyo hii?"

Nilidhani anauliza kama ni ugonjwa wa moyo, maana shemeji yake alikuwa ameanguka nao. Nilimpima presha, ikawa sawa. Nikamwambia huo ni wasiwasi na gesi ya kutokula, nikampa vidonge vya tumbo vya kutafuna. Alivipokea kwa mikono miwili akasema asante. Vidonge vya tumbo! Mtu alikuja kuniuliza swali alilolingojea miaka yote ya maisha yake, na nikampa vidonge vya tumbo.

Sasa nifike kwa mtoto wangu, maana ndiye sababu ya haya yote.

Wekesa ni mwanangu wa pekee. Alikulia kwenye ile shule, akila jikoni kwa Mpishi kuliko mezani kwangu. Alipotimiza miaka kumi na mitano, baba yake alikuwa ameshafariki, na shemeji zangu wa Kamukuywa wakasema mwaka huo ndio wake. Mimi mwenyewe nilikwenda jikoni nikamwomba Mpishi aongee naye. Nilijivunia. Wengine walilazimika kumwita kutoka mbali, mimi nilikuwa naye hatua ishirini. Aliniambia, "Sista, huyu usinipe." Nikadhani ni unyenyekevu, nikamsukuma. Wakaingia stoo wawili, wakakaa humo muda mfupi, wakatoka wote wakitazama chini.

Asubuhi ile uani kwetu Kamukuywa nilikuwa ndani, nimekaa sakafuni, nimeshika nguzo. Nilisikia njuga, nikasikia nyimbo zikikatika, kimya kikaja. Halafu nikasikia sauti ya mwanangu. Haikuwa ndefu. Ilikuwa kilio kimoja, cha juu, kama cha mtoto aliyeota vibaya. Baada ya hapo nikasikia watu wakianza kuondoka kabla ya chakula. Shemeji yangu mkubwa alisema mlangoni, bila kuingia, "Mama Wekesa, hapa hakuna kitu."

Jioni nilimuuliza kijana kwa nini. Alikuwa amelala chali, anatazama paa.

"Mpishi aliniambia nilie," akasema. "Alisema ikiuma, nilie."

Jiwe lile! Mtu ambaye nchi nzima ya Chwele na Sirisia ilimtolea mfano! Nilirudi Kitale nikaingia jikoni mbele ya wapishi wote nikamwita muuaji. Nilimwambia amemla mwanangu heshima yake ili yeye abaki peke yake juu. Aliweka mwiko chini.

"Nilimwambia ukweli, Sista."

"Ukweli gani wewe? Wewe ulilia?"

Aliushika mwiko tena. Nikatoka, na tangu siku hiyo sikumsemesha. Miaka miwili tulipitana kwenye uwanja ule kama magari, mpaka alipostaafu akarudi Chwele kuuza vitunguu sokoni. Sikwenda kumuaga.

Na Wekesa hakurudi kwetu Bungoma. Alimaliza shule, akapata kazi kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, na akakataa kuvuka kwenda nyumbani. Hakwenda harusi ya binamu yake. Hakwenda kumzika nyanya yake aliyemlea. Waliotahiriwa naye msimu ule, ambao kwetu huitwa bakoki na hushikana kama ndugu mpaka kaburini, hawakumtafuta, na yeye hakuwatafuta. Alikuwa akija kwangu Jumapili, tunakula, tunaongea habari za mvua. Miaka tisa tuliongea habari za mvua.

Mwezi wa pili mwaka huu simu ililia. Alikuwa binti wa Mpishi, aliyerudi kukaa na baba yake baada ya ndoa kumshinda.

"Sista, mzee ako hospitali Bungoma. Wanataka kukata mguu, na yeye anawachekesha tu. Mimi naogopa. Kuja uongee na yeye."

Sikutaka kwenda, na nilikwenda. Kwenye korido nilipokelewa na daktari wa kike, mdogo kiasi cha kuwa binti yangu. Alinieleza kwamba mzee alikuwa ametembea sokoni siku tatu na msumari mrefu kama kidole uliotoboa soli ya gambuti na kumwingia unyayoni. Macho yake yameisha nguvu, kioo hakimsaidii tena, na wa kumkagua miguu alikuwa ameshazikwa. Binti alijua tu kwa sababu ya harufu.

"Nilianza kusafisha kidonda," daktari akasema, "ganzi bado iko kwa trei, sijaidunga. Niligusa mfupa. Yeye alikuwa ananifundisha kuchagua kitunguu ambacho hakiozi haraka. Nikasimama, nikamuuliza, mzee, husikii? Akaniambia hajawahi." Akaniangalia. "Tumepima sukari, hana. Amezaliwa hivyo, hasikii maumivu. Watu kama yeye ni wachache sana, na wengi hawafiki umri wake. Nasikia wewe ulikuwa muuguzi wake. Miaka kumi na ngapi?"

Sufuria, chai, kiwiko kwenye maji, kioo, benchi, kama nini, kama nini. Yote yalikuja mara moja, na kila moja lilikuwa na uso wangu ndani yake, ukicheka. Yule daktari alikuwa amekaa naye dakika tano.

Nilimkuta Mpishi ameketi kitandani anakula mandazi. Aliponiona aliacha kutafuna.

"Ulijua?" nikamuuliza. Hata salamu sikumpa.

"Nilijua kitu inakosa. Nikiwa mtoto tulikuwa tunaanguka pamoja. Mimi nilikuwa nangoja wengine waanze kulia, ndio na mimi nilie. Nilikuwa naangalia mdomo yao inafunguka namna gani."

"Na siku ya kutahiriwa?"

"Siku hiyo waliniambia usilie." Akatabasamu kwa aibu. "Nikasema, basi leo ni rahisi."

"Na ukakaa kimya! Watu wakakufanya mfalme!"

"Sista, sikiliza. Nilikuwa nimesimama pale, nikaona wazee wanalia kwa furaha. Baba amechinja. Mama ametoka kwa mlango na kigelegele, anacheza mpaka leso imeanguka. Sasa ningesema nini? Ningemwambia mama arudi ndani?"

Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimeenda na hasira ya miaka tisa, na sikupata mahali pa kuishikia.

"Mwanangu ulimharibu," nikasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Wote niliwaambia simama kama mimi. Wote. Niliwadanganya wavulana miaka thelathini. Huyo nilishindwa. Huyo alikula kwa mkono yangu." Alisukuma mandazi kando. "Nilimwambia, wewe utasikia. Na ukisikia, usione aibu, lia. Sikujua itamkalia namna hii. Ningejuaje, na mimi sijui ni nini? Mlete, tafadhali. Mwambie sina mashauri. Niko na swali tu."

Nilimpata Wekesa dukani akipanga magunia ya mbegu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alikaa juu ya gunia, akacheka kidogo, kicheko kikakatika.

"Kwa hivyo ile siku yeye hakuwa anasikia kitu?"

"Hakuna."

"Na mimi wamekuwa wakinipima na yeye."

"Eeh."

Mteja aliingia akauliza dawa ya kupe, akamhudumia, akarudi. "Tutaenda akitoka hospitali," akasema. "Lakini nyumbani sisimami."

Tulikwenda baada ya wiki tano, kwa pikapu ya dukani. Tulipopita Kamukuywa, kwenye lango letu, Wekesa alitazama mbele tu, shingo imekaza. Mimi pia nilitazama mbele. Chwele ilikuwa siku ya soko, ng'ombe wamejaa barabarani, na binti wa Mpishi alikuja kutupokea mwenyewe ili tusipotee.

Mpishi alikuwa nje, kwenye kiti, juani. Mguu wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti, umefungwa vizuri. Alikuwa amekonda. Wekesa alisimama mbele yake.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, kijana. Umekuwa mkubwa, bana. Kaa."

Niliwaacha. Niliingia na binti jikoni kwao, nyumba ya mviringo ya udongo yenye nguzo katikati, tukawasha moto wa chai. Mlango ulikuwa wazi. Sikutaka kusikiliza, na nilisikiliza kila neno.

"Wekesa, sikuiti nikuombe msamaha, ingawa naomba," Mpishi alisema. "Nataka kuuliza. Hiyo siku, ilikuwa inauma kama nini?"

Nilisikia kijana akisogeza kiti.

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza," akasema. Kweli hakuna. Mimi, mama na muuguzi, nilikuwa nimemuuliza kwa nini. "Kwanza ilikuwa kama maji baridi sana. Halafu kama mtu amefungua mlango wa jiko yako ile ya shule, moto yote ikanipiga, lakini hapo chini. Nikasikia mtu analia. Nikafikiri ni mtu mwingine."

"Kama mlango wa jiko," Mpishi akarudia polepole. "Halafu?"

"Halafu ikapungua. Kisu ni kitu ya dakika moja, mzee. Hata kucheka kwa watu, hiyo pia unazoea."

"Sasa ni nini haikupungua?"

"Mlango ya nyumba." Sauti yake ilibadilika. "Nilikuwa nimesimama naangalia mlango. Nilijua nimeharibu. Lakini nilisema, mama atatoka. Hata kama hakuna kigelegele, atatoka tu. Watu wakaondoka. Damu ikakauka kwa miguu. Nikaendelea kuangalia. Hakutoka."

Maji yalikuwa yanachemka. Binti alinitazama, nikajiona nimeshika nguzo ya nyumba ile kwa mikono yote miwili. Sikujua niliishika saa ngapi.

"Hiyo inakaa wapi?" Mpishi akauliza.

"Hapa."

"Imekaza? Kama kitu inataka kutoka na haina njia?"

"Eeh. Hivyo."

"Hiyo naijua," Mpishi akasema, kwa sauti ileile aliyoingia nayo zahanatini kwangu. "Hiyo nilipata wakati tunafukia mama ya watoto. Pole, kijana. Ndiyo hii. Ndiyo hii kabisa."

Niliachilia nguzo nikatoka. Jua lilinipiga machoni. Walikuwa wamekaa wakitazamana, kila mmoja mkono kifuani, na Wekesa akageuza uso akaniona mlangoni. Nilifungua mdomo nikapiga kigelegele, kilekile nilichokibana asubuhi ile, katikati ya siku ya kazi, mbele ya kuku na mzee wa mguu mmoja. Majirani walitokeza vichwa kwenye ua kuuliza kuna nini. Koo liliniuma kama limekwanguliwa kwa mchanga. Kijana akasimama, na mimi nikapiga cha pili.